Anayeitikia Naye Anadaiwa: Lugha ya Heshima Mji wa Kale, Mombasa

Katika isimujamii, Kijapani hutajwa sana kuwa kielelezo cha lugha ambayo adabu imekita ndani ya sarufi yake. Kitenzi chenyewe hubadilika: lipo umbo la kumkweza anayetajwa, la msemaji kujishusha, na la kumstahi msikilizaji. Mwaka 2007 baraza la serikali ya Japani linaloshughulikia utamaduni liliyapanga upya maumbo hayo katika makundi 5. Kwa kipimo hicho Kiswahili huonekana maskini, maana "umekuja" huambiwa mtoto na huambiwa kadhi. Kipimo hicho nakikataa. Heshima ya Wamvita, yaani Waswahili wa Mombasa, haikai katika kitenzi. Inakaa baina ya watu wawili, na humfunga anayeheshimiwa kama inavyomfunga anayeheshimu.

Tutazame barazani, Kibokoni au Kuze, baada ya alasiri. Vijana wameketi, mzee anapita. Mafundisho ya dini yanamtaka apitaye amsalimu aliyeketi. Desturi inamtaka mdogo amwamkie mkubwa. Basi mzee hutoa "Asalaam aleikum", vijana wakaitikia, na papo hapo wakaongeza "Shikamoo, ami", naye akajibu "Marahaba". Akipita kimya, au akiinyamazia shikamoo ile, atakayesemwa ni yeye. Na "ami" hapo si pambo. Mzee anayeitwa hivyo na mtoto asiye wa nduguye amepewa haki ya kumkanya akimwona anapotoka, na amebebeshwa wajibu wa kumtetea akionewa.

Tofauti na Japani inajitokeza anapoingia mtu wa nje. Mfanyakazi wa kampuni ya Tokyo, akizungumza na mteja, humtaja mkubwa wake bila "-san", kwa kuwa mkubwa huyo ni wa ndani na mteja ni wa nje. Mji wa Kale, ami hubaki ami mbele ya yeyote. Kumtaja kwa jina tupu mbele ya mgeni ndiko kumvunjia heshima zaidi.

Vyeo vya utawala vimepita. Uliwali, alioushika Sir Ali bin Salim enzi za ukoloni, uliondoka baada ya Ukanda wa Pwani kuunganishwa na Kenya mwaka 1963. Kadhi amebaki, tena kwa ulinzi wa ibara ya 170 ya Katiba ya 2010. Ami, shangazi na bibi hawakuhitaji ibara yoyote.

Wapo wanaolalamika kwamba shikamoo humnyamazisha kijana. Lalamiko hilo lina uzito pale mkubwa anapoidai shikamoo huku ameusahau upande wake wa mapatano. Hapo desturi imebaki nusu, na nusu hiyo ni ubabe mtupu. Dawa yake ni kumdai mkubwa, si kuifuta salamu.

Nawaomba basi wenzangu wanaokusanya data ya maamkizi Mombasa wasikome kwa anayeamkia. Wamrekodi na anayeitikia, kisha wamuulize amejifunga kwa lipi.