Ua la Kivulini Lililotoka Tanga

Mwaka 1890 kilichapishwa Ujerumani kitabu cha kuwafundisha Wajerumani Kiswahili, Suaheli-Handbuch. Mwandishi wake, Walter von Saint Paul-Illaire, alikuwa mtumishi wa ukoloni, na mwaka uliofuata alikabidhiwa wilaya ya Tanga. Damu ya vita vya pwani ilikuwa haijakauka sawasawa, maana Abushiri bin Salim, aliyeongoza upinzani dhidi ya Wajerumani, alinyongwa Pangani mwishoni mwa 1889. Kitabu hicho leo hufunguliwa na watafiti wachache. Jina la bwana huyo, hata hivyo, linatamkwa kila siku na watu wasiojua neno moja la Kiswahili, kwa sababu limebandikwa kwenye vyungu vya maua katika madirisha ya Ulaya na Marekani. Mmea huo ni saintpaulia, ambao Wajerumani huuita Usambaraveilchen.

Saint Paul hakuwa wa kwanza kuuokota. John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza aliyekaa Unguja kwa miaka mingi, alipeleka sampuli Uingereza mwaka 1884. Miaka mitatu baadaye alikusanya nyingine mmisionari W. E. Taylor wa Mombasa, yuleyule aliyehifadhi mashairi ya Muyaka bin Haji na kuchapisha mkusanyo mkubwa wa methali za Waswahili. Sampuli hizo zilikauka kwenye karatasi, wala hakuna aliyezitolea jina. Inachekesha kidogo kwamba wawili kati ya hao watatu walikuwa watu wa kamusi na sarufi. Pwani ile, aliyetaka kukusanya maneno alilazimika kutembea na kuongozwa na wenyeji, na njiani alikusanya na majani.

Mkuu wa Tanga aliuona mmea wake mahali pawili palipo tofauti sana. Pa kwanza ni mwendo wa saa moja hivi kutoka mjini, kwenye nyufa za mawe ya chokaa, makumi machache tu ya mita juu ya usawa wa bahari. Ni mawe ya ukanda ule ule uliotobolewa na maji ukawa na Mapango ya Amboni. Pa pili ni ndani ya msitu mkubwa wa milima ya Usambara, kwenye miamba iliyo mita 700 na zaidi juu ya bahari. Joto si moja, mvua si moja, wala jiwe si moja. Kilichokuwa kimoja ni kivuli.

Na kivuli hicho kina namna yake. Saintpaulia ni mmea mfupi usio na shina la mti, unaoishi miaka mingi. Majani yake yenye vinyweleo laini hujipanga duara karibu kabisa na ardhi, na maua ya zambarau huchomoza katikati yakiwa na vichwa viwili vya manjano vya chavua. Huota kwenye kuta za miamba, pembeni mwa vijito, penye kuvumwani na udongo mwembamba wa majani yaliyooza. Mizizi yake haiendi chini. Haina pa kwenda. Jua likiufikia mchana kutwa majani hugeuka njano na kuungua. Giza likizidi, unaishi bila kutoa ua. Unachotaka ni mwanga uliochujwa na majani ya miti mirefu, unyevu usiokatika hewani, na maji yanayopita bila kutuama. Yeyote aliyewahi kuupoteza kwa kuumwagilia kwa huruma anajua kwamba huoza upesi kuliko unavyokauka.

Safari ya Ulaya ilikuwa ya haraka. Mkuu wa wilaya aliupeleka mmea kwa baba yake, Ulrich, aliyependa mimea na kuishi Fischbach, Silesia, mahali ambapo sasa ni Poland. Baba akampa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za kifalme za Herrenhausen mjini Hannover. Mwaka 1893 Wendland aliuandika rasmi kwa jina la Saintpaulia ionantha, akimheshimu mzee na mwanawe, na mwaka huohuo ukaonyeshwa katika maonyesho ya kimataifa ya maua mjini Gent, Ubelgiji, ukawa gumzo. Ernst Benary wa Erfurt, mfanyabiashara mashuhuri wa mbegu, akaanza kuuza mbegu zake.

Kuuza ni kitu kimoja, kuutunza ni kingine. Kwa miongo mitatu hivi saintpaulia ilibaki ua la nyumba za vioo, kwa wenye watunza bustani na mafuta ya kuchoma. Nyumba ya kawaida ya Ulaya ya wakati ule ilikuwa na baridi usiku, hewa kavu kando ya jiko, na dirisha moja lenye jua la kuunguza au lisilo na jua kabisa. Hali aliyoizoea mkazi wa Amani, kule Usambara, bila kuiwaza, joto la wastani mwaka mzima na ukungu wa asubuhi, huko ilikuwa ni kazi ya kutengeneza.

Mabadiliko yalitokea California. Mwaka 1926 wakulima wa maua wa Los Angeles, kampuni ya Armacost & Royston, waliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, wakaotesha miche mingi na kuchagua kumi iliyowapendeza. Mmoja waliuita Blue Boy. Ulikuwa mvumilivu, ukachanua vizuri, na mwishoni mwa miaka ya 1930 kizazi chake kikatoa ua lenye petali nyingi, kitu ambacho msitu wa Tanga haukuwahi kukionyesha. Waridi na nyeupe zikafuata. Kwa muda mrefu saintpaulia nyingi zilizouzwa Marekani zilikuwa wajukuu wa hiyo kumi, yaani wajukuu wa vijimea vichache vilivyong'olewa kwenye wilaya moja.

Wakati huohuo nyumba za Wamarekani zilikuwa zikipata joto la mabomba, na taa za mrija zikaingia sokoni. Hapo ndipo kivuli cha Usambara kilipopata mbadala. Taa hizo hutoa mwanga wa kutosha bila joto kali, na zikiwashwa saa kumi na mbili hivi kwa siku mmea hudhani uko mahali ambapo usiku na mchana hulingana. Watu wakaanza kufuga saintpaulia vyumbani chini ya nyumba, kwenye rafu, bila dirisha hata moja. Mwaka 1946 wapenzi wake walikusanyika Atlanta kwa maonyesho, na humo kikazaliwa chama cha taifa ambacho hadi leo husajili aina mpya, nazo zimefika maelfu.

Ujuzi wao wa utunzaji ukisomwa kwa makini ni maelezo ya kijito cha Usambara yaliyogeuzwa kuwa maagizo ya nyumbani. Usitumie maji ya baridi, wanasema, kwa kuwa tone lenye baridi kuliko jani huua chembe za ndani na kuacha mabaka meupe ya duara. Mwagilia kutokea chini, kwenye sahani, au pitisha utambi kutoka kwenye chombo cha maji hadi kwenye udongo, ule ule mpango wa koroboi. Tumia chungu kidogo, mizizi ibanane. Udongo uwe mwepesi, wa kupitisha hewa. Ukitaka kuongeza, kata jani moja na kikonyo chake, chomeka kwenye udongo wenye unyevu, funika. Baada ya miezi miwili hivi watoto huchungulia kwenye kikonyo. Uzazi huo wa jani ndio ulioeneza ua hili kuliko duka lolote, kwa sababu jani huingia kwenye bahasha na majirani hawauziani. Wakazi wa Tanga au Dar es Salaam wanaoujaribu wana tatizo lililo kinyume na la Hannover: joto la Februari. Baraza ya upande usiopigwa na jua la mchana, penye upepo, ndiyo inayofaa, na maji yapunguzwe.

Kuna kisa cha pembeni kisichopitika. Mwezi Aprili 1984 Wamarekani waliacha angani chombo cha majaribio, na ndani yake zilikuwamo mbegu za saintpaulia kutoka kwa wakulima wa Nashville. Zilitakiwa kurudi baada ya mwaka mmoja hivi. Ajali ya chombo cha anga cha Challenger ikavuruga ratiba, zikakaa juu karibu miaka sita, zikarudishwa Januari 1990, zikaota. Mbegu hizo zilizunguka dunia mara nyingi kuliko mtu yeyote wa Usambara.

Nyumbani, hadithi ilikwenda kinyume. Mwaka ule ule Wendland alipoupa mmea jina, 1893, reli ilianza kujengwa kutoka Tanga kuelekea ndani, na mkonge ukaletwa. Misitu ya Usambara Mashariki ilikatwa kupisha kahawa, Derema ikiwa miongoni mwa mashamba ya awali. Kahawa ilishindwa, kwani udongo ule huonekana tajiri kwa sababu ya miti iliyo juu yake, na miti ikiondoka utajiri nao huondoka. Baadaye chai ilishika sehemu kubwa ya vilima hivyo. Taasisi ya utafiti iliyoanzishwa Amani mwaka 1902 ilipanda mamia ya miti ya kigeni kwa majaribio. Mmoja wao, maesopsis, ulitoroka na kujaza kila pengo lililoachwa na shoka.

Kisha ikaja iliki. Nayo ni mmea wa kivulini unaoishi miaka mingi, na ndiyo maana iligongana na saintpaulia uso kwa uso. Mkulima wa iliki hahitaji kukata miti mikubwa. Hufyeka vichaka na miche ya chini, akapanda humo. Kwa mbali msitu huonekana mzima. Kwa karibu sakafu yake imekwisha. Tena iliki ililipa, na bei yake ilisomesha watoto. Miaka ya 1970 na 1980 ukataji wa magogo kwa mashine, uliosaidiwa na fedha za Finland, uliongeza mzigo, hadi ukasimamishwa na fedha za nchi hiyohiyo zikageukia kuhifadhi. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa mwaka 1997. Huko Derema, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakulima wa iliki walitakiwa kuacha mashamba yao ili kuunganisha misitu miwili, na mabishano kuhusu fidia na ardhi mbadala yalidumu kwa miaka. Si haki kuandika historia ya ua hili kana kwamba gharama ya kivuli chake imelipwa na wapenzi wa maua.

Wataalamu, kwa upande wao, wamekuwa wakihesabu upya. B. L. Burtt wa Edinburgh alifikisha spishi takriban ishirini, nyingi zikibeba majina ya mahali: Tongwe, Magunga, Shume, Amani. Mwaka 2006 zilipunguzwa kuwa sita, nyingi zikiwekwa chini ya ionantha. Mwaka 2015 vipimo vya vinasaba viliihamishia jamii nzima kwenye jenasi ya Streptocarpus, na jina la mkuu wa Tanga likashushwa cheo kuwa la kundi la ndani. Wauzaji wa maua hawakubadili vibandiko.

Hesabu hizo zina matokeo, maana hatari ya kutoweka ya kila jina hupimwa kwa eneo lake. Umbo la Taita, nchini Kenya, linajulikana kutoka mlima wa Mbololo tu, wenye msitu wa hekta zipatazo 200. Lile la Kaloleni, Kilifi, huota kwenye miamba ya chokaa iliyozungukwa na mashamba ya watu, na limesalia zaidi kwa sababu jembe haliingii kwenye jiwe. Ila chokaa ndiyo malighafi ya saruji, na inachimbwa Kilifi kama inavyochimbwa Tanga, kwenye ukanda wa mawe ambako vijimea vya kwanza vilichukuliwa.