Cheti kilichochelewa kufika kwenye seva

Kabla ya mwaka 1995, msimamizi wa mifumo aliyetaka kuingia kwenye seva iliyo mbali alikuwa na njia mbili zilizozoeleka: telnet na rlogin. Telnet ilisafirisha nywila waziwazi, herufi kwa herufi, na yeyote aliyejipenyeza njiani aliweza kuisoma. Rlogin ilikuwa na balaa lake: seva ilimkubali mgeni kwa kuamini tu jina la mashine aliyotokea. Novemba 1988, mnyoo wa kompyuta ulioandikwa na Robert Morris ulitumia imani ya aina hiyo, pamoja na mianya mingine, ukazisumbua maelfu ya mashine. Februari 1994, kituo cha usalama wa mtandao cha CERT nchini Marekani kilionya kwamba wavamizi walikuwa wamenasa taarifa za kuingilia kwenye makumi ya maelfu ya mifumo. Onyo lilisomwa, watu wakaendelea kutumia telnet.

Mwaka uliofuata zamu iliifikia Finland. Katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki iligunduliwa kwamba mtu amepandikiza kinasa nywila kwenye seva iliyokaa katikati kabisa ya mtandao wa chuo. Kilipogunduliwa kilikuwa kimekusanya maelfu ya majina na nywila. Mmoja wa walioguswa alikuwa Tatu Ylönen, mtafiti wa chuo hicho, ambaye alikaa chini akaandika programu ya kufunika mazungumzo yote kati ya mtu na seva kwa usimbaji. Akaiita SSH. Julai 1995 aliomba apewe mlango namba 22 wa intaneti, ulio katikati ya 21 wa kuhamishia mafaili na 23 wa telnet, akajibiwa kesho yake kwamba ni wake. Siku hizi huwezi kuota urasimu mwepesi kiasi hicho.

Programu ilitolewa bure, na kufikia mwisho wa mwaka huo ilikuwa na watumiaji wapatao 20,000 katika nchi 50. Ylönen akaanzisha kampuni, masharti ya leseni yakazidi kukaza, na hapo watu wa mradi wa OpenBSD wakarudi kwenye toleo la zamani lililokuwa bado huru, wakalisafisha na kuliendeleza. Desemba 1999 likatoka kwa jina la OpenSSH, na ndilo lililo kwenye seva nyingi za Linux leo, zikiwemo zile zinazosimamiwa na vijana wa Nairobi na Dar es Salaam kutoka mezani kwao.

Tatizo la kunaswa njiani likawa limekwisha. Lililobaki ni gumu zaidi, nalo halikuwa la hesabu bali la utawala: nani ameruhusiwa kuingia, na hadi lini?

SSH ilileta jozi ya funguo. Ufunguo wa siri unabaki kwenye kompyuta yako. Ule wa wazi unaandikwa kwenye faili ndani ya seva. Kwa seva tatu na watu wawili, ni utaratibu mzuri. Kwa seva mia tano ni zogo. Kila mfanyakazi mpya ufunguo wake unasambazwa kotekote. Akiacha kazi, lazima mtu akumbuke kuufuta kotekote. Hakumbuki. Ufunguo wa namna hiyo hauna tarehe ya mwisho, na mara nyingi hata jina la mwenyewe haulibebi kwa namna ya kuaminika.

Gharama yake ilionekana Mei 2008. Mtaalamu Luciano Bello aligundua kwamba mabadiliko yaliyofanywa mwaka 2006 kwenye maktaba ya usimbaji ya Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, yaliondoa karibu unasibu wote katika kutengeneza funguo. Kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo, uwezekano ulibaki 32,767 tu; kompyuta ya kawaida inaweza kuujaribu wote. Kurekebisha programu kulikuwa rahisi. Kuzisaka funguo dhaifu zilizokwisha kutawanywa kwenye seva za dunia nzima ndiko kulikowatoa watu jasho.

Dawa ilikuwepo zamani. Mwaka 1978 Loren Kohnfelder, akiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza MIT, alipendekeza kwamba ufunguo wa wazi uambatanishwe na jina la mwenyewe, kisha mamlaka inayoaminika itie saini juu yake. Hicho ndicho cheti cha kidijitali. Mwaka 1988 wazo hilo liliingia kwenye kiwango cha X.509, ambacho baadaye kilikuja kulinda tovuti za benki na maduka. OpenSSH ilikipokea cheti Machi 2010, katika toleo 5.4, tena ikabuni muundo wake mwepesi badala ya kuubeba uzito wa X.509. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi wa busara.

Cheti cha SSH ni kama kibali cha kuingia bandarini: kina jina, eneo unaloruhusiwa na tarehe ya kuisha, na mlinzi anatazama muhuri bila kuwa na orodha ya watu wote. Kila seva huandikiwa mstari mmoja kwenye mipangilio yake, unaoitaja mamlaka ya kuiamini. Basi. Mfanyakazi akija asubuhi anathibitishwa, anapewa cheti cha muda wa saa nane, jioni kinakufa chenyewe. Seva nayo hupewa cheti chake, na lile swali la kama unaiamini alama ya seva mpya, ambalo karibu kila mtu hulijibu ndiyo bila kusoma, linatoweka.

Mwaka 2016 Facebook ilieleza hadharani jinsi inavyotumia vyeti hivi, na Netflix ikatoa BLESS, programu huria ya kuvitia saini. Ila hatari haikwisha, imehama. Anayeiba ufunguo wa mamlaka ya kutia saini anaweza kujiandikia cheti cha yeyote, kwa hiyo ufunguo huo haufai kukaa kwenye kompyuta ya mtu yeyote ofisini.

Wewe unayesimamia seva, fungua leo faili la funguo zilizoruhusiwa, usome mstari kwa mstari. Ule usioujua ni wa nani, ufute.