Kufuli Ndani ya Chipu: Historia ya Ulinzi wa Vifaa vya Mkononi na Funzo Lake kwa Mipaka ya Nile Magharibi

Makala haya yanafuatilia historia ya kufuli zinazowekwa kiwandani ndani ya vifaa vya mkononi, na kudai kwamba suala lake la msingi ni umilki: aliyenunua kifaa amenunua nini?

Mwaka 1989 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mashine ya michezo ya Game Boy. Programu ya kuwashia, yenye baiti 256 tu, ililinganisha nembo iliyohifadhiwa katika kaseti ya mchezo na ile ya mashine. Zikitofautiana, mashine iligoma. Ulinzi huo uliegemea sheria, kwani mwigaji alilazimika kunakili alama ya biashara. Baadaye kufuli zilijengwa kwa usimbaji, lakini hazikukosa ufa. Aprili 2018 ilitangazwa kasoro katika chipu ya Tegra X1 iliyotumika kwenye Nintendo Switch. Kwa kuwa ilikuwa katika programu ya kuwashia isiyoandikika upya, mashine zilizokwisha kuuzwa hazikuweza kuponywa kwa sasisho.

Afrika Mashariki ilikutana na suala hilo kupitia simu. Kenya ilizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012. Tanzania ikafuata tarehe 16 Juni 2016, kwa kutumia rajisi ya namba za IMEI iliyowekewa msingi na sheria ya mwaka 2010. Simu iliyozimika ilikuwa tayari mkononi mwa mnunuzi, naye ndiye aliyebeba hasara.

Kwa Arua na Koboko jambo hili lina uzito wa pekee. Koboko inapakana na Kongo na Sudan Kusini. Simu iliyofungiwa katika nchi moja huweza kutumika kwa jirani iwapo rajisi zao hazisomani. Aidha, zana anayotumia fundi kuflashi simu iliyokwama huweza pia kubadili IMEI ya simu ya wizi. Sheria ikipiga marufuku zana, humwumiza fundi halali. Ikifumbia macho tendo, humkinga mwizi.

Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Kongo mwaka 2022. Uganda na majirani hao wawili sasa wamo katika chombo kimoja. Inapendekezwa kwamba rajisi zao zisomane. Kosa liwe kughushi utambulisho, si kufungua kifaa. Na mnunuzi aweze kuhakiki simu kabla ya kulipa, kama Tanzania ilivyowezesha kwa ujumbe mfupi kwenda 15090.