Hataza ya vitamini D na watu walionyimwa

Mwaka 1923, katika maabara ya Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, Profesa Harry Steenbock alimulika chakula cha panya kwa mwanga wa urujuanimno. Panya wenye matege wakapona. Alikuwa amepata njia ya kuongeza vitamini D katika vyakula vya kila siku, wakati matege yakipinda miguu ya watoto wengi katika miji isiyopata jua la kutosha.

Alitoa dola 300 mfukoni mwake kuombea hataza. Kampuni ya Quaker Oats ikataka kununua haki zote kwa karibu dola milioni 1, akakataa. Alitaka faida irudi kwenye utafiti. Ndipo mwaka 1925 wahitimu tisa wakachanga dola 100 kila mmoja, ikaanzishwa WARF, taasisi iliyo nje ya chuo kisheria. Kazi yake ilikuwa kushika hataza, kuvipa viwanda leseni, kuwekeza mirabaha, kisha kukipa chuo ruzuku. Mwaka 1927 Quaker walirudi, wakachukua leseni.

Mpango huo ulikuwa wa busara. Mwanasayansi hakulazimika kugeuka mfanyabiashara, na mdororo wa uchumi ulipobana miaka ya 1930, ruzuku za WARF ziliwabakiza watafiti kazini.

Lakini liko jambo linaloniuma. Wisconsin ni jimbo la wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na Steenbock alihofia majarini yenye vitamini D ingeua soko la siagi. WARF ikawanyima leseni watengenezaji wa majarini. Na majarini ilikuwa ikiliwa na nani? Na asiyemudu siagi, ambaye mwanawe ndiye aliyekuwa hatarini zaidi kupata matege! Kufikia mwaka 1945 mahakama ya rufaa ilikuwa imezibatilisha hataza hizo, ikikumbusha kwamba wakulima walianika majani ya mifugo juani tangu zamani. Haikusita pia kuwasemea walaji wa majarini.

WARF haikufa, maana ilikuwa na chanzo kingine. Hapo awali, mwaka 1933, katikati ya theluji, mkulima alimfikia mwanabiokemia Karl Paul Link chuoni hapo akiwa na ng'ombe aliyekufa na kopo la maziwa lililojaa damu isiyoganda. Utafiti uliofuata, uliofadhiliwa na WARF, ulizaa warfarin: kwanza sumu ya panya mwaka 1948, kisha dawa ya kuzuia damu isigande. Rais Eisenhower wa Marekani alitibiwa kwayo mwaka 1955, na madaktari wetu bado wanawaandikia dawa hiyo wagonjwa waliowekewa vali za moyo za chuma.