Ufukwe ni wa Nani? Historia ya Cape Hatteras, Vitwitwi na Wacheza Kaiti

Katika semina yangu ya sera za umma, mwanafunzi mmoja aliwahi kuuliza swali lililowafanya wenzake wacheke: kwa nini serikali ya nchi tajiri ifunge sehemu za ufukwe wake, na kuwakera wapiga kura, kwa ajili ya ndege asiyefikisha gramu 70? Nami nilicheka. Kisha nikatambua kwamba sikuwa na jibu fupi la kumpa. Makala haya ni jibu refu. Nimelichelewesha, lakini nadhani linawahusu wanafunzi wangu, wanaharakati na, zaidi ya wote, watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu.

Mahali penyewe ni Cape Hatteras, mlolongo wa visiwa vyembamba vya mchanga katika jimbo la North Carolina, Marekani. Upande mmoja ipo Bahari ya Atlantiki. Upande wa pili lipo Pamlico Sound, ghuba pana yenye maji ya kina kifupi. Tarehe 17 Agosti 1937 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuifanya sehemu hii kuwa hifadhi ya taifa ya ufukwe, ya kwanza ya aina yake nchini humo, ingawa hifadhi yenyewe haikuanzishwa rasmi hadi 1953. Sheria ile ilitoa ahadi tatu kwa mkupuo mmoja. Kwanza, ardhi hiyo ibaki katika hali yake ya asili daima. Pili, maeneo yanayofaa yatumike kwa burudani kama kuogelea, kusafiri kwa tanga na kuvua. Tatu, wakazi halali wa vijiji vya humo wawe na haki ya kujipatia riziki kwa uvuvi. Kila ahadi ilikuwa njema. Lakini wabunge hawakusema ipi itangulie siku ahadi hizo zitakapogombana, na karibu kila kilichofuata kilitokana na ukimya huo.

Ndege walikuwa na historia yao kabla ya hifadhi. Mwishoni mwa karne ya 19 kofia za wanawake wa mijini, Marekani na Ulaya, zilipambwa kwa manyoya na hata kwa ndege wazima waliokaushwa. Buabua wa pwani ya Atlantiki waliuawa kwa maelfu ili kulisha biashara hiyo, na vitwitwi nao waliwindwa kwa ajili ya nyama. Upinzani ulianzishwa kwa kiasi kikubwa na wanawake wenyewe. Mwaka 1889 Emily Williamson alianzisha chama cha kuwalinda ndege huko Manchester, Uingereza. Mwaka 1896 Harriet Hemenway na Minna Hall walianzisha chao katika jimbo la Massachusetts. Shinikizo la vyama vya namna hii lilisaidia kuzaa mkataba wa 1916 kati ya Marekani na Uingereza, iliyotia saini kwa niaba ya Kanada, na sheria ya ndege wahamao ya 1918.

Jimbo la Missouri liliipinga sheria hiyo mahakamani likidai kwamba ndege waliomo ndani ya mipaka yake ni mali yake. Mwaka 1920 Mahakama Kuu ya Marekani ililikatalia. Jaji Oliver Wendell Holmes aliona kwamba dai la umiliki juu ya kiumbe aliyefika jana na ambaye baada ya wiki huenda akawa maili elfu moja kutoka hapo ni dai dhaifu. Nawasihi wanafunzi wa sheria waisome hukumu ile. Ndani yake mna wazo ambalo hata leo tunapata shida kulikubali: vipo vitu ambavyo haviwezi kulindwa na mtu anayevimiliki, kwa kuwa hakuna anayevimiliki, hulindwa kwa makubaliano, la sivyo havilindwi kabisa.

Bunduki ziliponyamaza, idadi ya ndege ikaanza kupanda. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja hatari nyingine ambayo haikukusudia kumuua yeyote. Watu wa kawaida walipata magari, likizo na nyumba za pwani. Huko Hatteras, kabla ya barabara ya lami na kabla ya daraja la Oregon Inlet kufunguliwa mwaka 1963, ufukwe wenyewe ndio uliokuwa barabara. Wanakijiji waliendesha magari juu ya mchanga kwa sababu hawakuwa na njia nyingine. Daraja lilipofunguka, wageni waliirithi desturi hiyo bila kuwa na ulazima wake. Jambo lililokuwa hitaji la wachache likageuka starehe ya wengi, na kila aliyeshika usukani akaiita mila.

Serikali ililiona tatizo mapema. Mwaka 1972 Rais Richard Nixon alitoa amri iliyoziagiza idara za shirikisho ziweke kanuni za magari yanayoendeshwa nje ya barabara katika ardhi ya umma. Hatteras iliandaa rasimu ya mpango mwaka 1978. Rasimu ikabaki rasimu. Mwaka 1986 kitwitwi mdogo wa rangi ya mchanga, ambaye wanasayansi humwita Charadrius melodus, akawekwa katika orodha ya viumbe walio hatarini. Katika pwani ya Atlantiki ya Marekani na Kanada zilikuwa zimebaki jozi zipatazo 790. Bado hifadhi haikuwa na kanuni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 jozi zilizotaga katika hifadhi nzima ya Cape Hatteras zilikuwa mbili au tatu tu kwa mwaka.

Wakati huo mgeni mwingine alikuwa amekwisha kufika. Mwaka 1984 ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliomba hataza ya tiara yenye mirija ya hewa, inayoweza kupaa tena hata baada ya kuanguka majini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tiara hiyo ilikuwa imezaa mchezo mpya: mtu husimama juu ya ubao na kuvutwa na upepo, akiteleza na kuruka juu ya mawimbi. Tuuite kaiti. Hatteras, yenye upepo mwingi na maji ya kina kifupi upande wa ghuba, ikawa miongoni mwa vituo mashuhuri vya mchezo huo Marekani. Kati ya vijiji vya Avon na Buxton pana mahali ambapo wachezaji wenyewe wanapaita Kite Point.

Mcheza kaiti hana injini, hamwagi mafuta, hakanyagi kiota kwa gurudumu. Wengi wao hujiona marafiki wa mazingira, na wana sababu ya kujiona hivyo. Tatizo liko machoni pa ndege. Kitwitwi hutaga kwa kawaida mayai manne katika kishimo kidogo mchangani, na kinga yake ni kutoonekana. Anapoona kivuli kikubwa kikielea juu, hakijui kuwa ni kitambaa; humwona mwewe. Huinuka, huyaacha mayai juani, na hapo kunguru, shakwe na kaa hupata nafasi yao. Mayai yakianguliwa baada ya takriban wiki nne, vifaranga hutembea wenyewe hadi ukingo wa maji kutafuta chakula, lakini huchukua takriban wiki nne nyingine kabla ya kuweza kuruka. Kwa hiyo miongozo ya idara ya shirikisho ya wanyamapori ya 1994 ilipendekeza kwamba tiara zisirushwe ndani ya mita 200 kutoka kwa vitwitwi wanaotaga au wenye vifaranga, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Agosti. Miongozo hiyo iliandikwa kabla kaiti haijaenea. Walioiandika walikuwa wakiziwazia tiara za watoto.

Mwaka 2007 subira ilikwisha. Mashirika mawili, Defenders of Wildlife na National Audubon Society, yalifungua kesi yakidai kwamba hifadhi iliruhusu magari kinyume cha sheria kwa kuwa haikuwahi kuweka kanuni iliyoagizwa tangu 1972. Aprili 2008 mahakama iliidhinisha makubaliano ya wadaawa: magari yakae mita 1,000 kutoka kwa vifaranga wa kitwitwi, na kila mtu atakapouvunja uzio kwa makusudi, eneo lililofungwa liongezwe ukubwa. Sambamba na hayo, kamati ya wadau, wakiwamo wavuvi, wafanyabiashara, wanamazingira na viongozi wa mitaa, ilikaa kwa zaidi ya mwaka mmoja kutafuta kanuni ya kudumu. Haikuafikiana. Idara ya Hifadhi za Taifa ikaandika kanuni yenyewe, ikaanza kutumika Februari 2012, ikiwa na vibali vya kulipia, njia maalumu za magari na maeneo ya kufungwa kwa msimu. Desemba 2014 Bunge liliingilia kati na kuagiza umbali huo upitiwe upya. Mwaka 2015 baadhi ya vipimo vilipunguzwa.

Je, ilifaa? Katika pwani yote ya Atlantiki ya Marekani na Kanada, idadi ya vitwitwi imepanda kutoka zile jozi 790 hadi kupita 2,000. Ndani ya Hatteras walipanda kupita jozi kumi kufikia 2010, kisha wakashuka tena, kwa kuwa dhoruba, wanyama wala mayai na mmomonyoko wa mchanga havisomi kanuni. Anayedai kwamba uzio pekee huokoa ndege anatia chumvi, na anayedai kwamba uzio haukusaidia kitu anazifumbia macho takwimu.

Kwangu mimi, funzo la kwanza ni la utawala. Toka amri ya 1972 hadi kanuni ya 2012 ni miaka 40. Katika miaka hiyo ndege walipungua, na wakati huohuo vijiji vilijenga uchumi wake, maduka ya chambo, nyumba za wageni, shule za kaiti, juu ya ruhusa ambayo kisheria haikuwepo. Mtumishi wa umma aliyeiweka rasimu ya 1978 kabatini huenda alidhani anaepusha ugomvi. Alichofanya ni kuukopa, na waliokuja baadaye wakaulipa pamoja na riba. Kanuni ya 1978 ingewakuta watu wachache wenye cha kupoteza.

Funzo la pili ni kwamba si kila mtumiaji wa ufukwe ana mgogoro uleule. Wavuvi wenye magari walihitaji ncha zilezile za visiwa ambazo vitwitwi huzipenda, kwa hiyo ugomvi wao ulikuwa mgumu kweli. Mcheza kaiti angeweza kuhamia upande wa ghuba, akasubiri hadi Septemba, au akakaa mita 200 mbali, na mchezo wake usipungue sana. Kumweka katika kapu moja na wengine kulimfanya adui bila sababu. Swali la “waruhusiwe au wazuiwe” halikuwasaidia. La “wapi na lini” lingewasaidia.

Funzo la tatu linahusu haki. Kuongeza eneo lililofungwa kwa kosa la mtu mmoja asiyejulikana ni adhabu ya pamoja. Uzio wenyewe, mara nyingi, ni kamba iliyofungwa kwenye vijiti. Haumzuii mtu asiyetaka kuzuiwa. Kinachousimamisha ni ridhaa ya jirani, na ridhaa haiji kwa kumwadhibu asiyekosa.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya matajiri: mchezo wa kitajiri ukigombana na huruma ya kitajiri. Nawaalika waende Paje, Unguja, maji yakitoka. Katika rasi hiyo, ambako kilimo cha mwani kilianza mwaka 1989, wanawake huinama juu ya kamba zao za mwani, na juu ya maji yaleyale hupita tiara za wageni. Hapo kwetu mdai wa kwanza ni mama mwenye shamba la mwani, na ndege yuko nyuma yake. Wabunge wa 1937 walikumbuka walau kuitaja haki ya riziki ya wanavijiji katika maandishi. Mama wa mwani anashika maandishi gani?

Ndege nao wapo. Wengi wa wale tunaowaona pwani ni wasafiri waliokuja kula na kunenepa kabla ya kurudi kaskazini kutaga. Yuko yule mweupe na mweusi mla kaa, anayechimba kiota chake katika mchanga wa Oman, Ghuba na Somalia, kisha akaja kukaa Mida, Kenya, na katika fukwe za Tanzania. Wako buabua wanaotaga katika kisiwa kidogo cha miamba ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu. Kumfukuza mara kumi kwa siku ndege anayekula ni kumnyang’anya mafuta ya safari.

Sheria tunazo. Katiba ya Kenya ya 2010 inaitaja ardhi iliyo kati ya maji kupwa na maji kujaa kuwa ya umma. Sheria ya mazingira ya Tanzania Bara ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Vifungu hivi vinasema nani asijenge na nani asijimilikishe. Havisemi nani atumie maji yapi, mwezi gani, saa ngapi.

Kwa hiyo, kwa mwanafunzi wangu: ufukwe ule haukufungwa kwa sababu ndege ana thamani kuliko mtu. Ulifungwa ghafla, na kwa uchungu mwingi, kwa sababu waliotakiwa kupanga matumizi yake hawakuyapanga yalipokuwa rahisi kupangika. Pwani yetu shule za kaiti bado zinahesabika, wakulima wa mwani wanajulikana kwa majina, na wazee wanaijua miezi ambayo ndege hutaga. Ofisa wa wilaya anayesoma makala haya anaweza kuwaita wote katika chumba kimoja mwezi ujao, akiwa na ramani na kalenda ya upepo mezani. Kama ipo rasimu kabatini mwake, aanzie hapo.