Serengeti Broadband Network
Serengeti Broadband Network ni mtandao wa majaribio wa intaneti ya kasi uliojengwa miaka ya 2000 katika wilaya za Serengeti na Bunda, mkoani Mara, Tanzania. Ulianzishwa na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) na Taasisi ya Kifalme ya Teknolojia (KTH) ya Sweden.

Mtandao ulitumia mkongo wa mawasiliano uliofungwa kwenye njia za umeme za Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO), ukaunganisha shule, hospitali na ofisi za halmashauri. Kwa wanafunzi wa KTH, usanifu wake ulikuwa mafunzo kwa vitendo. Amos Nungu wa DIT aliufanyia mtandao huo utafiti wa shahada yake KTH. Baadaye akawa Mkurugenzi Mkuu wa COSTECH.