Silabi na mkazo katika maneno ambatani ya Kinorwei

Maneno ambatani ya Kinorwei ni maneno yanayoundwa kwa kuunganisha maneno mawili au zaidi na kuyaandika kama neno moja, bila nafasi katikati. Katika matamshi muungano huo hutambulika hasa kwa mkazo: neno zima hubeba mkazo mkuu mmoja, na kwa kawaida mkazo huo huangukia neno la kwanza kati ya yaliyounganishwa. Mpaka kati ya sehemu hizo ndio pia unaoongoza namna ya kuligawa neno mwishoni mwa mstari.

Kinorwei ni lugha ya Kigermaniki yenye maandishi rasmi ya aina mbili, Bokmål na Nynorsk. Zote mbili huunganisha maneno kwa namna moja. Mifano ya makala hii ni ya Bokmål, na herufi kubwa zinaonyesha silabi yenye mkazo mkuu.

Muundo

Sehemu ya mwisho ya neno ambatani ndiyo inayobeba maana ya msingi, jinsi ya kisarufi na wingi. Zinazotangulia huifafanua tu. Mpangilio huu ni kinyume cha Kiswahili. "Maktaba ya chuo kikuu" huanza na kitu chenyewe, lakini universitetsbibliotek huanza na chuo kikuu (universitet) na kumalizia na maktaba (bibliotek). Kwa hiyo anayetaka kujua neno refu linataja kitu gani huangalia mwisho wake kwanza.

Mara nyingi huwekwa herufi ya kiungo kati ya sehemu, hasa s au e. Barn (mtoto) na hage (bustani) hutoa barnehage (chekechea); arbeid (kazi) na giver (mtoaji) hutoa arbeidsgiver (mwajiri). Herufi hiyo huhesabiwa kuwa ya sehemu iliyotangulia.

Sarufi haiweki kikomo cha urefu. Mfano unaotajwa sana ni minoritetsladningsbærerdiffusjonskoeffisientmålingsapparatur, istilahi ya fizikia inayotaja aina ya vifaa vya kupimia. Lina herufi 60 na silabi 22, na huonekana zaidi katika mazungumzo kuhusu maneno marefu kuliko katika maabara. Maneno ya kila siku ni mafupi zaidi, ingawa menneskerettighetsorganisasjon (shirika la haki za binadamu), lenye silabi 11, ni neno la kawaida magazetini.

Mkazo

Katika Kiswahili mkazo huwekwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache kama baRAbara (sawasawa), linalotofautiana na baraBAra (njia). Katika Kinorwei nafasi ya mkazo hutegemea neno lenyewe. Maneno mengi ya asili huuweka kwenye silabi ya kwanza, lakini maneno mengi ya mkopo huuweka karibu na mwisho: staSJON (stesheni), poliTIKK (siasa), universiTET. Mkazo unaweza kubadili maana: KAnon ni orodha ya vitabu vinavyokubaliwa, na kaNON ni mzinga wa kivita.

Silabi yenye mkazo huwa nzito. Ama vokali yake ni ndefu, kama katika tak (paa), ama ni fupi na konsonanti inayofuata hurefushwa, kama katika takk (asante). Konsonanti inapoandikwa mara mbili humjulisha msomaji kwamba vokali iliyotangulia ni fupi.

Maneno yanapounganishwa, neno la kwanza hubaki na mkazo wake mahali pake, na huo huwa mkazo mkuu wa neno zima. Mkazo wa neno la mwisho hushuka na kuwa mkazo mdogo, lakini haupotei. Katika BARnehage mkazo mkuu uko kwenye bar na mdogo kwenye ha. Katika JERNbanestasjon (stesheni ya reli) mkazo mkuu uko kwenye jern, yaani "chuma", na silabi sjon, ambayo ina mkazo mkuu katika staSJON likiwa peke yake, sasa ina mkazo mdogo. Si lazima mkazo mkuu uwe kwenye silabi ya kwanza kabisa. Universitetsbibliotek lina silabi tisa, u-ni-ver-si-TETS-bib-li-o-tek, na mkazo mkuu uko kwenye ya tano kwa sababu hapo ndipo ulipo katika universiTET.

Hapa ndipo mzungumzaji wa Kiswahili hujikwaa. Neno mwanafunzi limeunganishwa pia, lakini husomwa mwanaFUnzi, mkazo ukiwa kwenye sehemu ya pili. Akifuata mazoea hayo atasema barneHAge, na msikilizaji atasikia maneno mawili au atachelewa kuelewa.

Kuna maneno yasiyofuata kanuni. Århundre (karne) hutamkwa årHUNdre, na jina la mji wa Kristiansand lina mkazo kwenye sehemu ya mwisho.

Lahaja nyingi zina pia toni mbili, ambazo katika matamshi ya mashariki hutofautisha bønder (wakulima) na bønner (maharagwe). Toni ya neno ambatani hutegemea kwa kiasi kikubwa neno la kwanza.

Kugawa silabi

Neno ambatani hugawanywa kwanza kwenye mpaka wa sehemu zake, na baadaye tu ndani ya kila sehemu. Ndani ya sehemu, konsonanti moja kati ya vokali mbili huenda na vokali inayofuata (le-se, "kusoma"). Zikiwa mbili au zaidi, ya mwisho ndiyo inayokwenda (hop-pe, "kuruka"). Herufi zinazowakilisha sauti moja, kama sj, hazitenganishwi: sta-sjon.

Anayehesabu herufi bila kuutafuta mpaka hukosea. Parterapi (tiba kwa wenzi wa ndoa) ni par na terapi, nalo hutamkwa PARterapi. Likikatwa parte-rapi, msomaji huona kwanza kitenzi parte, "kukatakata nyama", kisha hubaki na kipande kisicho na maana.

Mpaka wenyewe unaweza kufichwa na tahajia, kwa kuwa Kinorwei hakiandiki konsonanti moja mara tatu mfululizo. Buss (basi) na stopp (kituo) huandikwa busstopp. Fotball (mpira wa miguu) na lag (timu) huandikwa fotballag. Neno likikatwa mwishoni mwa mstari, herufi iliyoachwa hurudi: buss-stopp, fotball-lag.

Katika usemi mpaka huu hauheshimiwi sana. Katika matamshi ya mashariki r na s zikikutana hutoa sauti inayokaribia "sh", hata kama r ni ya neno moja na s ni ya lingine, kama katika sommersol (jua la kiangazi).

Kutenganisha kimakosa

Kuandika sehemu za neno ambatani mbalimbali huitwa særskriving. Ni kosa linalolalamikiwa sana nchini Norwei, na si la mapambo tu. Nafasi kwenye maandishi humwambia msomaji kwamba kila neno lina mkazo wake, na maana hufuata mkazo huo. NORSKlærer ni mwalimu wa somo la Kinorwei, raia wa nchi yoyote. Norsk LÆrer ni mwalimu aliye Mnorwei, hata akifundisha hisabati. Kyllinglever ni maini ya kuku, lakini kylling lever ni sentensi kamili: "kuku yu hai". Kibao cha røykfritt hukataza sigara. Kikiandikwa røyk fritt, kinawaruhusu watu wavute watakavyo.

Programu za kusahihisha tahajia zinaweza kuchangia kosa hili. Maneno ambatani mapya huundwa kila siku na hakuna kamusi inayoweza kuyaorodhesha yote, kwa hiyo neno sahihi huweza kupigiwa mstari mwekundu. Likikatwa vipande viwili, mstari huondoka.